Uso wa Kipimo

Kilio kilimfikia kabla ya kitu kingine chochote.

Mbaruku Chilumba alikuwa amelala chali, macho yamefunikwa kwa pamba zilizoloweshwa, na agizo alilopewa lilikuwa moja tu: asitikise hata kope. Juu yake lenzi za Kioo, mashine ya kupima nyuso, zilizunguka taratibu, zikivuma kama nzi aliyefungiwa chumbani. Kisha, kupitia ukuta wa mbao, ukaja mlio ule. Haukuwa wa mtoto aliyenyimwa kitu, wala wa mtoto aliyeanguka. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika katikati kana kwamba anayelia ameogopa kuvuta pumzi, halafu ukaanza upya palepale ulipokatikia.

Kaka yake Ndembo alikuwa akilia hivyohivyo, enzi hizo wakilala mkeka mmoja, na mama yao akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. "Mifupa imemshika," mama alikuwa akisema. Kabla ya Homa mama alikuwa mtu wa maabara, kwa hiyo siku nyingine aliutaja ugonjwa kwa jina lake: selimundu. Baadaye Homa ilipita, ikamchukua Ndembo, ikamchukua mama, na neno lile likazikwa pamoja nao. Hakuna aliyelitaja tena katika mji wao wa Uwandani.

"Bwana Uso, tafadhali," fundi wa Kioo akamwambia. "Shavu la kushoto limepanda. Ukikunja wewe, na mashine inakunja."

Mbaruku akazitoa pamba machoni, akaketi. Fundi alibaki na mikono hewani, maana tangu mashine ile ifungwe mjini hakuna aliyewahi kuinuka kabla kengele haijalia.

Nje, kwenye benchi la kusubiria, alimkuta Mwajabu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye watu waligeuka kumtazama hata walipokuwa wamebeba ndoo kichwani. Mapajani alimpakata binti yake Zuhura, mtoto wa chekechea. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba kama unga ulioumuka. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia unjano. Mkononi alivaa bangili ya shaba iliyochongwa alama yake: tisini na sita.

Mbaruku akautazama ule uso mdogo, na kidevu alichokiona kilikuwa kidevu chake mwenyewe.

Sheria ilikataza. Mwanamume anayechangia mbegu za uzazi haulizi zimekwenda kwa nani, na mtoto haambiwi baba yake ni nani. Lakini ni mtu gani wa Uwandani asiyejua kwamba wenye alama za tisini wengi wametoka kwake? Yeye ndiye aliyekuwa mia.

*

Walioanzisha mji ule, juu ya tambarare ya Makonde, walikuwa wametoroka Homa iliyotembea katika damu. Iliyoisambaza kuliko vyote ilikuwa sindano ya tabibu, na waliobaki wakaapa kwamba kwao damu haitatolewa tena, hata tone. Lakini walikuwa wachache na chakula kilikuwa haba, kwa hiyo kila mtoto atakayezaliwa ilibidi awe mzima. Utamjuaje mzima bila kumchoma? Utamtazama, wakajibu waliojenga mashine. Wakachukua sura za wote walionusurika, wakazichanganya mpaka zikatoa sura moja ya wastani, kisha wakamtafuta mtu aliye hai anayeikaribia kuliko wengine wote. Wakampata yatima mmoja aliyekuwa akiokota korosho ili apate kula.

Tangu siku hiyo Mbaruku, sasa Uso wa Kipimo, hakuokota tena kitu. Kila mwaka Kioo kilisawazishwa juu ya uso wake, uso wenyewe wa nyama na ngozi, kwa sababu waanzilishi hawakuamini picha. Picha inaweza kuchezewa. Kila raia alipimwa kwa umbali wake kutoka kwake. Kwa wanawake mashine ililegeza kipimo cha taya na kuongeza hesabu ya kiuno na nyonga. Aliyefika sabini alipata kibali cha kuzaa. Asiyefika alipewa pole.

Daktari Tekla Hyera, mwenyekiti wa Baraza na mlezi wa mashine, alimwita ofisini kwake mara tu aliposikia kwamba ameinuka. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, na hakuwahi kumwita Mbaruku kwa jina jingine zaidi ya mwanangu.

Alimsomesha upya kama mtoto wa darasani. Jicho la mwanadamu halikuzaliwa jana, alimwambia. Zamani za zamani waliovutiwa na wagonjwa walizaa wachache, waliovutiwa na wazima wakazaa wengi, na sisi ni wajukuu wa hao wa pili. Kwa hiyo kile tunachokiita uzuri ni habari. Pande mbili za uso zikilingana, maana yake mwili ulijengwa bila kutikiswa na minyoo wala njaa. Ngozi nyororo inasema hapa hapana kidonda. Kiuno kinasema huyu atabeba mimba na kuishusha salama. Hata tausi dume habebi ule mkia mzito kwa upuuzi. Anamwambia jike, nitazame, ninaubeba na bado sijaliwa. Kioo hakikubuni kitu. Kilichukua tu kazi ambayo macho ya wahenga yalikuwa yakiifanya, kikaifanya bila kupepesa.

Mbaruku alimsikiliza mpaka mwisho. Alikwisha kuyasikia hayo mara nyingi, na siku zote yalikuwa yakimkaa vizuri, kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Leo yalimbana shingoni.

"Na yule mtoto pale nje?" akauliza.

"Ana tisini na sita. Kioo hakijaona kitu kwake."

"Mimi nimesikia kitu."

Daktari Hyera akainuka, akafunga dirisha, ingawa kilio kilikuwa kimekwisha tulia. Aliporudi kitini, sauti ya kubembeleza haikurudi naye.

"Najua ni nini," akasema. "Niliwaona wengi kabla wewe hujazaliwa. Ila kukithibitisha ni mpaka damu. Sindano ndiyo iliyomuua mume wangu, Mbaruku, na aliyeishika ni mimi. Usinifundishe gharama ya tone moja."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

Yaliyofuata aliyasema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Jioni ile, baada ya Kioo kuthibitishwa mbele ya watu, Baraza litatangaza kwamba Mwajabu alichanganya mbegu, kwamba alikwenda kinyume na kibali chake akazaa na mtu wa alama za chini, maana mtoto wa Uso wa Kipimo hawezi kuwa mgonjwa. Atashushwa bondeni, kwenye mto Ruvuma, yeye na mtoto wake.

Bondeni kulikuwa na mbu. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba mtoto mwenye selimundu akipata malaria, hana muda. Akalisema hilo.

"Ni mtoto mmoja," Daktari akajibu, na ilionekana wazi kwamba neno lile lilimchoma yeye kwanza. "Ukisimama ukasema ugonjwa umetoka kwako, kuna watoto wangapi wengine wenye kidevu hicho? Wataitwaje kesho? Nani atacheza nao? Nani atawaoa? Utamwokoa mmoja, uwatie doa wote." Akaegemea mbele. "Na mchumba wako Somoe. Najua mnavyotaka. Kibali chake nitakitia saini mimi mwenyewe, leo, kabla ya jioni. Wewe kaa tu kitini kama unavyokaa kila mwaka."

Mbaruku alitoka bila kumjibu. Na ukweli ni kwamba aliposhuka zile ngazi, alikuwa akiuona uso wa mtoto ambaye hajazaliwa, mwenye mwanya wa Somoe.

*

Kiwanda cha juisi ya mabibo kilikuwa mwisho wa mji, na harufu yake kali ilimpokea mtu kabla hajafika. Somoe alikuwa mkaguzi wa hamira pale. Alikuwa na hadubini yenye taa, ya kurusha picha ukutani, ambayo aliitumia kuwaonyesha wafanyakazi wenzake ni pipa gani limeanza kuchacha.

"Bwana Kipimo huyo," akawaambia wenzake bila kuondoa jicho kwenye lenzi. "Kaeni wima, jamani, msije mkaonekana mmepinda."

Wanawake wakacheka, wakapisha. Somoe alikuwa amezaliwa bondeni, kule ambako watu hawakuifuata sheria ya damu, akapanda mjini akiwa mkubwa kutafuta kazi. Mashavuni alikuwa na chale tatu tatu alizochanjwa na shangazi yake siku alipotoka unyagoni. Meno yake ya mbele yaliachana mwanya ambao kwao ungemletea wachumba kutoka ng'ambo ya mto. Kioo kilizisoma chale kama makovu ya maradhi na mwanya kama kasoro ya ukuaji, kikampa thelathini na nane. Alipoambiwa alama zake alimuuliza fundi kama mashine ile iliwahi kupendwa na mtu.

Mbaruku alimwelezea yote, wamesimama nyuma ya mapipa. Alimwambia habari za mtoto, za Mwajabu, na za kibali.

Somoe alipolisikia hilo la kibali, mkono wake ulikwenda wenyewe ukatua juu ya tumbo. Akautazama mkono kana kwamba si wake. Kisha akauondoa, akaupangusa kwenye kanga.

"Nizae kwa hiyo?" akasema polepole. "Kila nikimnyonyesha wangu, nimsikie wa mwenzangu analia bondeni? Akikua akiniuliza alipataje kuja duniani, nimwambie nini, Mbaruku? Nimwambie kwamba nafasi yake ilikuwa ya mtu mwingine?"

"Sijakubali."

"Hujakataa pia. Ungekuwa umekataa usingekuja na uso huo."

Mbaruku akakiri kwamba ni kweli. Lakini kilichomfunga miguu, alisema, hakikuwa gereza, wala hata kibali. Ni wale watoto wengine. Daktari alikuwa na haki ya kuwaogopea.

Somoe alifikiri, akivuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Wewe niambie," akasema. "Wakikua, Kioo kitawaoza kwa nani?"

"Kwa wenye alama za juu."

"Na wenye alama za juu ni watoto wa nani?"

Mbaruku alikuwa hajawahi kulifuata wazo hilo mpaka mwisho wake. Wataoana ndugu kwa ndugu, na hakuna atakayejua, na mashine itawapigia kengele ya pongezi.

"Basi doa limeshaingia," Somoe akasema. "Kilichobaki ni kama wataambiwa au watalikuta kwenye kitanda cha mtoto wao. Na nani kasema ni doa? Kwetu bondeni damu hiyo tunaijua. Aliyerithi upande mmoja tu, malaria haimwezi kirahisi. Ndiyo iliyowavusha babu zetu kule mtoni, walipokuwa wakizika kila masika. Huyo Daktari wenu anasema maumbile huchagua. Sawa, yalichagua. Ila hayakuandika usoni."

Kwa Mbaruku ilikuwa kama mtu amemfungulia mlango ambao alikuwa akiusukuma kwa upande usiofunguka. Ni kweli kwamba macho yanapenda afya, na hakuwa na ugomvi na hilo. Lakini kupenda kitu si kukiona. Watu wa Uwandani walikuwa wameogopa sindano mpaka wakayabebesha macho kazi yasiyoiweza, halafu wakamwadhibu kila mtu ambaye macho yalikosea juu yake.

Akamuuliza Somoe kuhusu ule unga mweupe unaonuka kiberiti, ambao hutiwa kwenye juisi isichache. Mama yake alikuwa nao maabara. Unga ule hula hewa, alisema. Ukiutia katika tone la damu, ukalifunika lisipate hewa nyingine, chembe za damu ya kawaida hubaki duara, lakini chembe za mwenye kubeba selimundu hujikunja.

"Unga upo," Somoe akasema. "Hadubini ipo. Damu je?"

Mbaruku alikuwa akiziangalia chale zake.

"Ulipochanjwa, damu ilitoka?"

Somoe alipoelewa, hakutabasamu. Alimshika kidevu akaugeuza uso wake kwenye mwanga, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, kama fundi cherehani anayetazama kitambaa ghali kabla ya mkasi.

"Ukishafanya hivi hakuna kurudi. Uso huu hautakuwa wao tena."

"Wangu haujawahi kuwa," akajibu Mbaruku.

Kabla ya kwenda ukumbini alipita kwa Mwajabu. Alijua kwamba siri ile haikuwa yake peke yake, na kwamba akikataliwa itabidi atafute njia nyingine. Mwajabu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, Zuhura amelala mgongoni kwake. Hakulia, wala hakushangaa. Alisema kwamba sokoni wameshamwita malaya, na kwamba mtoto wake ameambiwa na watu wazima wenye akili zao kwamba haumwi, anadeka.

"Sema," akamwambia. "Na useme kwa sauti."

*

Ukumbi ulijaa kabla jua halijapungua makali. Desturi ilikuwa kwamba Uso wa Kipimo hukaa kitini mbele ya mashine, fundi huuliza, "Mnamwona nani?" na watu wote hujibu kwa pamoja, "Twajiona." Ndipo kengele hulia, na mwaka wa vibali huanza. Watu walikuja wamejipaka mafuta. Wasichana walikuwa wamechana nywele kwa namna ya kuufanya uso uonekane mrefu, kwa sababu uso wa Mbaruku ulikuwa mrefu.

Akaketi. Lenzi zikaanza kuvuma. Kabla fundi hajafungua mdomo, Mbaruku akainua mkono akaomba mwaka huu apambwe kwanza na mchumba wake. Kilikuwa kitu kipya, lakini kilionekana kizuri, na Daktari Hyera kwenye kiti chake cha mbele alitabasamu akidhani amepata jibu lake.

Somoe akapanda jukwaani na kikapu. Akatoa hadubini, akaisimamisha juu ya meza, mdomo wa taa yake ukielekea ukuta mweupe wa Kioo. Akatoa kijembe kilichofungwa katika kitambaa safi, akakipitisha juu ya moto wa mshumaa.

"Kushoto tu," Mbaruku akamwambia.

"Najua."

Ukumbi ulielewa pale kijembe kilipogusa shavu, na wakati huo ilikuwa imechelewa. Chale ya kwanza. Sauti ya watu ikapanda kama ya bati linalovutwa juu ya saruji. Chale ya pili. Mtu akapiga kelele akiita askari. Ya tatu. Damu ikamshuka mpaka shingoni, na waliokaa mbele wakarudi nyuma wakikanyagana, kwa sababu wengi wao hawakuwa wameiona damu ya mtu mwingine tangu utoto. Somoe akalipokea tone moja juu ya kigae cha kioo, akalichanganya na maji ya ule unga, akalifunika, akaziba kingo kwa nta ya mshumaa.

Ukutani zikatokea chembe, kubwa kama sahani, mviringo, zimelala kwa mamia.

Wakati huohuo Kioo, ambacho hakikuwa na habari na lolote ila kazi yake, kilimaliza kusoma uso uliokuwa mbele yake. Kilipaswa kusema mia. Kikapima upande wa kulia, kikapima upande wa kushoto, kikatangaza kwa ile sauti yake tamu: sitini na moja.

Mwanamume mmoja kule nyuma, aliyewahi kunyimwa kibali mara mbili, akasema kwa utulivu kabisa, "Jamani, kipimo chenyewe kimefeli."

Kicheko kilianza kwake, kikatambaa benchi moja hadi jingine, na kilikuwa kicheko cha ajabu, cha watu walioogopa kwa muda mrefu. Askari wawili walikuwa wamekwisha kufika chini ya jukwaa. Walimgeukia Daktari Hyera wakingoja ishara. Hakuwapa. Alikuwa akiutazama ukuta.

Mbaruku akatumia muda huo kusema. Hakusema maneno mengi. Aliwaambia kuhusu kaka yake Ndembo. Aliwaambia mama yake aliuita ugonjwa ule kwa jina gani, na kwamba hauji kwa uchafu wala kwa uzinzi. Mtoto huupata baba na mama wakiwa wote wanaubeba bila kujua, na wala hauonekani kwao. Alisema kwamba kama yeye anaubeba, wataona kwa macho yao, kwa kuwa wanayaamini sana macho.

"Mmenitazama miaka yote hii," akasema. "Mmewanyima watu watoto kwa sababu hawafanani nami. Mmewavisha wenzenu alama mikononi kama mifugo. Nami nilikaa hapa nikafurahi, kwa sababu chakula kilikuwa kingi na nilisifiwa. Sasa nitazameni vizuri. Nitazameni ndani."

Ukutani chembe moja ilikuwa imeanza kuchongoka. Ikajivuta, ikapinda, ikawa kama mundu wa kuvunia mpunga. Ya jirani nayo ikafuata. Hazikujikunja zote, lakini zilijikunja za kutosha, moja hapa, nyingine kule, mpaka ukuta ule mweupe uliokuwa ukionyesha sura nzuri kila mwaka ukajaa miundu.

Fundi wa Kioo alikuwa bado amesimama pembeni, hajui afanye nini na mikono yake. Labda ilikuwa mazoea tu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mnamwona nani?"

Hakuna aliyejibu kwa pamoja. Mwanamke mmoja mwenye alama za themanini na tisa akasimama, amemshika mtoto wake wa kiume mwenye kidevu kirefu, akautazama ukuta, kisha shavu la Mbaruku linalovuja damu. "Twajiona," akasema. Akakaa.

Daktari Hyera aliinuka kwa shida, kama mtu aliyezeeka akiwa kitini. Alisema kwamba mashtaka dhidi ya Mwajabu yamefutwa, na kwamba mama na mtoto hawatashuka bondeni. Alisema kwamba stoo ya dawa za zamani itafunguliwa, na atakwenda kuzitazama yeye mwenyewe. Kisha akamgeukia Mbaruku, macho yamejaa maji, na sauti yake ikawa ya mwenyekiti.

"Lakini umetoa damu mbele ya watu. Sheria hiyo sikuitunga mimi, na watu waliokufa hawakufa kwa mzaha. Utakwenda ndani mpaka Baraza likae."

"Nitakwenda," Mbaruku akasema. "Na Baraza likikaa, likae mlango wazi. Nitarudia yote."

Askari mmoja alimshika Somoe mkono. Daktari akatikisa kichwa. Mwenye damu ndiye mwenye kosa, akasema. Somoe akajing'oa, akampangusa Mbaruku shingo kwa ncha ya kanga yake, akamkata jicho askari kana kwamba ndiye aliyemchanja. "Mbaya wewe," akamwambia mchumba wake kwa sauti ya chini, na mwanya wake ukaonekana. "Sasa angalau unafanana na mtu wa kwetu."

Karibu na mlango Mwajabu alikuwa akisubiri. Zuhura alikuwa ameamka na amekaa juu ya meza, vidole vyake vilivyovimba vimefunikwa kitambaa chenye joto. Mbaruku akawaomba askari dakika moja. Wakampa, kwa sababu hawakujua tena ni nani wanayemlinda na ni nani wanayemkamata.

Akapiga goti mbele ya mtoto. Zuhura akanyoosha kidole kimoja, kwa shida, akaikaribia ile chale ya chini bila kuigusa.

"Inauma?"

"Inauma."

"Kama mimi?"

"Yako inauma zaidi," Mbaruku akasema. "Yangu itapona upesi. Yako itarudi, na tutakuwa tunaijua."

Mtoto akashusha pumzi ndefu. Katika maisha yake mafupi, hakuna mtu mzima aliyewahi kumjibu hivyo. Mbaruku akatazama juu, Mwajabu akamwitikia kwa kichwa, na lile neno ambalo sheria ilimkataza tangu ujana wake likatoka kinywani wazi, mbele ya askari, mbele ya mashine iliyokuwa bado inavuma na watu waliosimama juu ya mabenchi ili wasikie.

"Nikiwa ndani au nikiwa nje, nakuahidi, mwanangu: hutalia tena mbele ya watu wanaokwambia huumwi."